Vunjo: chaguzi sita na jina lililohama karatasi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kilema, jimbo la Vunjo mkoani Kilimanjaro, na kura yangu ya kwanza niliipiga 2015. Kijiweni tunabishana sana. Majirani zetu wa Mwanga na Moshi Mjini wamekaa na wabunge wao miaka na miaka, lakini sisi tangu 1995 hadi 2020 hakuna mbunge aliyekaa vipindi viwili mfululizo. Wengine wanasema Wana-Vunjo hatuna msimamo, tena tunanunulika. Wazee nao wanasema hili lilikuwa jimbo la Mrema, mengine ni porojo. Ukweli uko wapi? Na je, matokeo ya 2020 yana maana kwamba jimbo limerudi CCM?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukubali kwamba hesabu yenu ya kijiweni ni sahihi. Mwaka 1995 Vunjo ilimpeleka bungeni James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 akaingia Jesse Makundi wa TLP, 2005 Aloyce Kimaro wa CCM, 2010 Augustine Mrema wa TLP, 2015 Mbatia akarudi kwa NCCR-Mageuzi ile ile, na 2020 kiti kikaenda kwa Dk. Charles Kimei wa CCM. Chaguzi sita, watu watano, vyama vitatu, na hakuna hata mara moja kiti kilipobaki kwa aliyekuwa amekikalia.

Linganisha na majirani. Pale Moshi Mjini marehemu Philemon Ndesamburo wa CHADEMA alishinda 2000, akashinda 2005, akashinda 2010. Mwanga walikaa na Profesa Jumanne Maghembe wa CCM kuanzia 2000 hadi 2020. Hai walimpa Freeman Mbowe 2010 na 2015 kwa mfululizo. Mkoa ni ule ule, na wengi wa wapiga kura ni watu wanaooana na kuzikana. Kwa hiyo swali lenu ni la msingi, na jibu la "ndivyo Wachagga walivyo" halisaidii kitu.

La kununuliwa nalikataa moja kwa moja. Kama kura za Vunjo zingekuwa za kununuliwa, mnunuzi mwenye mfuko mzito kuliko wote alikuwepo siku zote: chama tawala. Hata hivyo katika chaguzi tano za kwanza, 1995 hadi 2015, CCM ilipata Vunjo mara moja tu. Jimbo linalouza kura halifanyi hivyo. Inaniuma ninaposikia vijana wa huko wakijisema vibaya kwa jambo ambalo ukilichambua unakuta watu waliojua vizuri wanachokifanya.

Ninachokiona mimi ni hiki. Ukifuata alama za vyama, Vunjo inaonekana kama imechanganyikiwa. Ukifuata jina la Augustine Lyatonga Mrema, na hasa ukiangalia lilikuwa kwenye karatasi ipi ya kura kila mwaka, sehemu kubwa ya mkanganyiko huo inaondoka. Wazee wako wana haki kwa kiasi kikubwa, ingawa si kwa yote, na nitakuonyesha pale wanapokosea.

Kwanza sheria mbili, kwa sababu bila hizo hadithi haieleweki. Sheria ya kwanza: kwetu Tanzania mtu hawezi kugombea urais na ubunge katika uchaguzi mmoja. Achague moja. Ya pili: hakuna mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani miaka mingi, akashinda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa haki. Lakini kwenye kituo cha kura hapakubadilika kitu. Mwanasiasa mwenye watu wake lazima avae jezi ya chama fulani ili jina lake lichapishwe. Na akishachaguliwa, akihama chama, kiti kinapotea. Sheria hizi mbili zimeitengeneza historia ya Vunjo kuliko pesa yoyote.

Sasa turudi 1995. Mrema, mtoto wa Kiraracha huko huko Vunjo, alikuwa tayari ameshakaa bungeni, ameshakuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1990 na Naibu Waziri Mkuu. Wewe hukumwona enzi zile, kwa hiyo nikueleze kidogo. Alikuwa waziri aliyesikiliza kesi za watu mwenyewe, mwanamke aliyefukuzwa na mumewe na mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara, akampa mkosaji siku saba arekebishe. "Siku saba" ikawa msemo wa nchi nzima. Mwishoni mwa 1994 alihamishiwa Wizara ya Kazi, na mapema 1995 akaondolewa kwenye baraza la mawaziri baada ya kuisema serikali hadharani bungeni kuhusu kashfa ya fedha za mashamba ya mkonge. Machi mwaka huo akajiunga na NCCR-Mageuzi, na Oktoba akawa mgombea wake wa urais. Kitaifa alipata asilimia 27.8, Benjamin Mkapa 61.8. Kilimanjaro ilikuwa kinyume kabisa: Mrema alimwacha Mkapa mbali.

Fikiria mpiga kura wa Mwika au Kirua siku ile ya Jumapili, 29 Oktoba 1995. Anapewa karatasi mbili, ya urais na ya ubunge. Madiwani walikuwa wamechaguliwa mwaka uliotangulia. Kwenye ya kwanza kuna Mrema, mtoto wa nyumbani, na alama ya NCCR. Kwenye ya pili Mrema hayupo, sheria haimruhusu. Lakini alama ile ile ipo, na mbele yake kuna kijana anayeitwa James Mbatia. Mkono ulioweka tiki juu ulishuka ukaweka tiki chini. Simdharau Mbatia, alikuja kuwa mwanasiasa mzito kwa nguvu zake mwenyewe, ila ile ya 1995 alibebwa na wimbi la mtu mwingine kama walivyobebwa wenzake wengi. NCCR ilipata majimbo 16 nchi nzima mwaka ule.

Baadaye chama kikavurugika. Mrema akiwa mwenyekiti na Mabere Marando akiwa katibu mkuu waligawana chama vipande viwili, kesi na vikao viwili viwili, hadi mwaka 1999 Mrema akaondoka na kwenda TLP, chama ambacho kabla yake Watanzania wengi hawakukijua. Hapo ndipo tunapata kipimo safi ambacho mtafiti huwa anakitamani: mtu ameenda huku, chama kimebaki kule. Watu watafuata kipi?

Vunjo walimfuata mtu. Mwaka 2000 Mrema aligombea tena urais, safari hii kwa alama ya TLP, na Vunjo ikampa ubunge Jesse Makundi wa TLP. Jimbo la pili la wilaya, Moshi Vijijini, likaenda kwa Thomas Ngawaiya, naye wa TLP. Chama hicho kilipata majimbo manne tu Tanzania nzima, na mawili yake yalikuwa wilaya moja. NCCR, iliyokuwa na majimbo 16, ikabaki na moja, tena Kigoma. Kwa hiyo mtu anayesema Wana-Vunjo walibadilika kati ya 1995 na 2000 ameangalia rangi ya bendera. Wao walibaki palepale walipokuwa, kwa Mrema.

Ona pia walivyokuwa na busara. Kitaifa Mrema alikuwa ameshuka hadi asilimia 7.8 na ushindi wa Mkapa haukuwa na shaka. Waliojipendekeza kwa mshindi walikuwa wengi nchini. Wao hawakufanya hivyo.

Mwaka 2005 nitaupita haraka. Mrema aligombea urais kwa mara ya tatu na akapata asilimia 0.75. Jakaya Kikwete alikuja na asilimia 80. Jina lililokuwa linaivuta karatasi ya ubunge likawa halina tena uzito, na kwenye karatasi ya ubunge lenyewe halikuwepo. CCM ikachukua kwa Kimaro. TLP ikabaki na jimbo moja nchini, Biharamulo Magharibi. Huo ndio ushindi pekee wa CCM Vunjo katika miaka 25 ya kwanza ya chaguzi za vyama vingi ukiacha 2020, na ulitokea mwaka ambao karibu kila mahali bara ulikuwa wa Kikwete. Hata Hai ilikwenda CCM mwaka ule.

Mwaka 2010 ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unawajibu wale wanaodhani mpiga kura wa kijijini anaweka tiki kwa kufuata alama tu. Mrema, akikaribia miaka 66, aliacha ndoto ya urais akarudi nyumbani kugombea Vunjo. Kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu tangu vyama vingi virudi, jina lake likahama kutoka karatasi ya urais kwenda karatasi ya ubunge. TLP ilimweka mtu mwingine kugombea urais, ambaye hakufikisha hata asilimia moja ya kura za nchi. Maana yake ni kwamba waliompa Mrema ubunge, wengi wao walikuwa wamempa mtu wa chama kingine urais dakika hiyo hiyo, ndani ya kibanda hicho hicho. Kura za namna hiyo hazipigwi kwa mazoea. Mtu ameshika karatasi tatu, kila moja ameitafakari kivyake. Na TLP ikapata jimbo moja tu Tanzania nzima: Vunjo.

Hapa ndipo maelezo ya wazee yanapofikia ukomo wake. Kama Vunjo ingekuwa jimbo la Mrema tu, 2015 angeshinda. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya ubunge, yeye ndiye aliyekuwa mbunge, na alishindwa vibaya na Mbatia. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni Mbatia mwenyewe, ambaye hakuwa tena yule kijana wa 1995. Mwaka 2012 Rais Kikwete alimteua kuwa mbunge, na mapema 2013 aliwasilisha hoja binafsi kuhusu hali ya elimu na mitaala iliyozua mjadala mkali hadi wapinzani wakatoka ukumbini. Kwa watu wa mlimani ile haikuwa hoja ndogo. Ukitaka kumgusa mtu wa Marangu au Kilema, zungumzia shule. Eneo hili lilipata misheni mapema, Wakatoliki pale Kilema kwenu tangu miaka ya 1890 na Walutheri upande wa Mamba na Marangu, na tangu wakati huo familia zinauza kahawa kulipa ada. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa hadi hakigawanyiki tena, kwa hiyo urithi wa mtoto umekuwa ni elimu. Mwanasiasa aliyesimama bungeni kuuliza watoto wetu wanafundishwa nini alikuwa anazungumza na akina mama wa jimbo hili, hata kama hakulitaja.

Sababu ya pili ni UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Mwaka 2014 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walitoka pamoja kwenye Bunge Maalum la Katiba, na 2015 wakakubaliana kuachiana majimbo, mgombea wa urais akiwa Edward Lowassa kupitia CHADEMA. Vunjo akaachiwa Mbatia. Mfumo wetu unampa kiti anayeongoza tu, hata akiwa na kura chini ya nusu, kwa hiyo wapinzani wakiwa wengi wanagawana kura na kumpa mpenyo wa CCM. Safari hii kura zilikusanyika, na Mrema akabaki nje ya mkusanyiko huo. Vilevile mwaka ule karatasi ya urais ilikuwa na mvuto wa nguvu kuelekea upande wa Lowassa kaskazini yote, na Mrema hakuwa na mgombea urais wa kumvuta. Yale yaliyombeba Mbatia 1995 yakambeba tena 2015, ila farasi akiwa mwingine. NCCR ilipata jimbo moja nchini, nalo ni Vunjo.

Sababu ya tatu ni umri wa wapiga kura, na hapa nakuongelea wewe. Aliyepiga kura yake ya kwanza 2015 alizaliwa wakati "siku saba" imeshakuwa simulizi ya baba yake. Wapiga kura wa Himo na Njia Panda, mji unaokua kwa biashara ya barabara ya Taveta, na wale wa tambarare ya Kahe ambako watu wamechanganyika na shida kubwa ni maji ya kumwagilia na ardhi, hawana deni la kihistoria kwa mtu wa Kiraracha. Jimbo lina juu na chini, na ukihesabu kwa jicho la Marangu peke yake utakosea. Baada ya kushindwa, Mrema aliteuliwa 2016 na Rais Magufuli kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Alifariki Agosti 2022 na akazikwa kwao Kiraracha.

Kabla sijafika 2020, niseme neno kuhusu zamani zaidi, maana kuna tabia moja ya eneo lenu ambayo ni ya kale kuliko vyama hivi. Jina la Vunjo lilikuwa la utawala kabla halijawa la ubunge. Mwaka 1946 Waingereza waliwagawa Wachagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na Vunjo ikawa chini ya Petro Itosi Marealle wa Marangu. Miaka michache baadaye Wachagga wakamchagua Thomas Marealle, naye wa ukoo huo huo, kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wa Wachagga wote, wakampokea kwa shangwe kubwa. Mwaka 1960 haikufika miaka kumi tangu atawazwe, wakapiga kura kuuondoa umangi mkuu na kuweka rais wa kuchaguliwa, Solomon Eliufoo wa Machame. Hawa ni watu waliokuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu 1925 na ushirika wao, KNCU, tangu 1933, wanaosomewa mahesabu mkutanoni na kumuuliza kiongozi maswali. Kumpa mtu heshima yote kisha kumwondoa kwa utulivu akiacha kufaa ni desturi waliyokuwa nayo kabla ya uhuru. Hata enzi ya chama kimoja, wagombea wawili wa chama hicho hicho walipopewa jembe na nyumba kuwa alama zao, mwananchi alibaki na uwezo wa kumwacha mmoja.

Sasa swali lako la mwisho. Je, 2020 ina maana Vunjo imerudi CCM? Mimi siusomi uchaguzi ule kwa miwani ile ile ya chaguzi tano zilizotangulia. Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Majimbo yote ya Kilimanjaro yalikwenda CCM kwa siku moja, pamoja na Hai ya Mbowe na Moshi Mjini ambayo CCM haikuwahi kuipata tangu 1995. Mazingira yake unayakumbuka: mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa sehemu mbalimbali, na vyama vya upinzani vilidai mawakala wao walizuiwa vituoni. Jimbo moja likibadilika, unatafuta sababu ndani ya jimbo. Yakibadilika yote kwa pamoja, sababu iko juu ya majimbo, na kulihukumu Vunjo kwa matokeo hayo ni kulionea.

Hiyo haimwondolei Dk. Kimei uzito wake. Aliongoza benki ya CRDB kwa miaka 20, ni mtu wa huko, na mbele ya wapiga kura wanaothamini shule na kazi ya mtu alikuwa mgombea wa kueleweka kabisa. CCM ilipompeleka yeye ilionyesha kwamba nayo imejifunza kuwa Vunjo wanapima mtu kwanza. Angeshinda katika uchaguzi wenye ushindani wa kawaida? Inawezekana, ila matokeo ya 2020 hayawezi kulithibitisha hilo wala kulikanusha.

Kama mnataka kuendelea na mjadala wenu kwa ushahidi, nakushauri msiangalie jumla ya jimbo. Tafuteni matokeo ya kituo kwa kituo, fomu 21B za ubunge ambazo mawakala hupewa nakala zake. Wengi wa mawakala wa 2010 na 2015 bado wapo hapo kijijini, na baadhi yao wamezihifadhi karatasi hizo. Wekeni za Kilema Kati, Mwika, Himo na Kahe upande kwa upande. Mtaona kama Mrema alianguka kila mahali kwa pamoja 2015 au aliangushwa kwanza na tambarare huku mlimani wakimshikilia. Mimi nadhani tambarare ilimwacha mapema zaidi, na ningefurahi sana kama wewe na wenzako mtaleta namba zitakazonikubali au kunikatalia.